Oili ya Lori la Mama Mkwe

Habari ilifika kijiweni kupitia redio ya yule wanayemwita Waziri, ile inayokoroma mpaka ichapwe kofi ndipo iseme. Lori moja limekufa injini katikati ya mlima, barabara imeziba tangu alfajiri, na mafundi wanasema liliwekwa oili isiyo yake.

Breki akashusha kikombe cha kahawa. Lori analoendesha ni la mama mkwe wake, injini imetoka kufumuliwa na kuundwa upya, na kesho asubuhi linapakia saruji. Oili yenyewe hata haijanunuliwa. Injini ile ikifa, itabidi amweleze mama mkwe, na hapa duniani Breki haogopi kitu kama kumweleza mama mkwe.

"Jamani, niweke oili ipi?" akauliza.

Hapo ndipo alipokosea. Kijiwe kile ukiuliza saa ngapi, unasimuliwa saa zilianzaje.

Waziri, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli ila hotuba zake haziishi, akasema joto hili linataka oili nzito, namba hamsini, inayomiminika kama uji. Spana, fundi mstaafu, akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Oili nzito hivyo, akasema, asubuhi inachelewa kupanda na injini inajisaga kavukavu. Yeye maisha yake yote aliweka arobaini na hakuna injini iliyomlalamikia. Waziri akamkumbusha pikapu ya shemeji yake. Spana akajibu kwamba ile iliuawa na kijicho cha majirani.

Bingwa, aliyekuwa ameinamia drafti, hakuinua hata kichwa. Akashauri zichanganywe nusu kwa nusu ili watu wacheze kwa amani.

"Kwani hiyo ni injini au mchuzi?" Spana akamuuliza.

Simu ya Breki ikaita. Alipoona jina, akasimama wima kabla ya kupokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umesikia redio?"

"Nimesikia, mama. Hapa nashauriana na wataalamu."

"Wataalamu gani? Oili imeandikwa kwenye kitabu cha lori, na nilikukabidhi kwa mkono wangu. Kiko wapi?"

Breki akatazama chini. Meza ya drafti ina mguu mmoja mfupi, na chini ya mguu huo kuna kitabu kinene alichokitoa yeye mwenyewe mwaka juzi, kijiwe kizima kikampigia makofi.

"Kipo, mama," akasema taratibu. "Kinafanya kazi."

Bingwa akaikumbatia meza. Alikuwa amebakiza hatua mbili ashinde, mara ya kwanza tangu mwaka uanze. Breki akamwomba radhi, akachomoa kitabu, na kete zote zikaporomoka mavumbini.

Ukurasa ulikuwa na duara la kahawa, lakini namba zilisomeka, oili moja yenye namba mbili: kumi na tano injini ikiwa baridi, arobaini ikishapata moto. Spana akakohoa kwa heshima zote. Breki akakibana kitabu kwapani na kukimbilia duka la spea, roho imemtulia.

Meza ikabaki imeinama, na Bingwa akawa karibu kulia. Waziri akamhurumia kwelikweli.

"Tulia, ndugu yangu. Redio yangu nayo ilikuja na kitabu chake. Kesho nakileta, kiko nyumbani hakina kazi yoyote."

Kisha akaichapa redio kofi, ili wasikie kama barabara imefunguliwa.