Shimo la Baba Mukwe

Jumatatu, tarehe 9 Septemba

Kichwa inaniuma. Muzee Zagabe, kapita, mukubwa wa mulima wetu hapa juu ya Nyantende, ametuita wote asubuhi. Mbuzi mwingine ameanguka katika mashimo ya wachimbaji. Amesema siku moja itakuwa mutoto. Kwa hiyo Jumamosi atapita na mademoiselle agronome, yule wa mambo ya kilimo. Shamba lililofungwa shimo, mwenyewe atapewa mbegu za maharagi na miche ya miti. Shamba lenye shimo atapewa mutu mwingine anayejua kulitunza.

Macho yote kwangu! Shimo kubwa kuliko yote ni letu. Papa Fanny, bwana yangu, ndiye aliwaruhusu wachimba dhahabu. Wakachimba, wakakosa, wakaenda zao. Wakatuachia shimo refu kama nyumba, na kando yake lundo la udongo mwekundu, mawe tupu, kama mugongo wa ng'ombe aliyelala.

Na huyo mutu mwingine ni nani? Eulalie, dada ya Papa Fanny. Shamba lilikuwa la baba yao, marehemu baba mukwe wangu. Eulalie analima upande wa pili wa matete ya mupaka, na anaangalia upande wetu kila siku. Akasema mbele ya watu: "Sufuria yake haina kifuniko, shimo ndilo atafunika?"

Wakacheka. Hata Papa Fanny alicheka kidogo. Nilimuona.

Watoto wangu wanakula kutoka shamba hilo. Litafungwa!

Jumanne, tarehe 10

Nimebeba udongo na besani tangu asubuhi. Mimi na watoto. Papa Fanny mugongo unamuuma, lakini alitupa mashauri mazuri akiwa amekaa. Jioni niliangalia ndani. Shimo limezidi kuwa refu, naapa.

Mupango mwingine: nimelipa motari anipandishie na pikipiki yake mifuko ya takataka za soko. Maganda ya ndizi, majani ya kabichi, kila kitu. Nikatupa ndani. Nilikuwa na furaha hadi nguruwe za Eulalie zilipofika. Zimekula kifuniko changu chote. Moja imebaki chini, imeshiba, inakoroma. Tumeitoa na kamba. Eulalie alisema asante kwa kumulishia.

Jumatano, tarehe 11

Sikulala. Nilifikiri mutoto wangu mudogo anaanguka, kisha mvua inakuja, kisha Eulalie anapanda viazi vyake juu yetu. Asubuhi akili ikafunguka.

Lundo liko karibu na shimo. Nani anahamisha udongo bila kuchoka, bila kuombwa? Wachimbaji!

Nikaenda kwenye chemchemi. Bijou alikuwa anachota maji. Bijou ni mutu muzuri, lakini neno halilali kwake. Nikamuambia polepole kwamba baba mukwe amenijia katika ndoto, amenyoosha kidole chini ya lile lundo, amesema wachimbaji walitupa udongo wao juu ya dhahabu yenyewe. Nikamuapisha asiambie mutu.

Mandazi yangu hayakuwa yameiva, Elysée amefika. Elysée ni mukubwa wa wachimbaji, wanamuita PDG, kama mukurugenzi wa kampuni, lakini anavaa kandambili. Alisalimia kwa heshima mingi. Akasema moyo unamuuma kuona shamba la maman likiharibika, vijana wake wanaweza kuondoa lile lundo bure. Nikakataa. Akaomba. Nikakataa tena, kidogo. Mwisho nikakubali, lakini udongo wote uingie katika shimo, sipendi uchafu. Akakubali mbio mbio.

Nikasali rozari moja kwa ajili ya uongo, na ya pili ili uongo ufanye kazi.

Alhamisi, tarehe 12

Wanafanya kazi kama mashine! Nikawaonea huruma, vijana wa watu, mumoja anakohoa. Nikawapikia bugali na sombe ya majani ya muhogo. Nikamupa yule wa kukohoa chai ya tangawizi.

Jioni shimo limejaa. Sawa kama meza! Nikacheza juu yake. Nikamuweka Papa Fanny na kiti chake katikati, watu wapite waone. Eulalie alikuja, akakanyaga huku, akakanyaga kule. Akasema tu kwamba udongo ni mwekundu.

Ijumaa, tarehe 13

Ole wangu. Wamerudi. Wanachimba mahali lundo lilikuwa!

Nikakimbia kumuambia Elysée hakuna kitu pale. Akatabasamu. Nikamuambia ndoto nimeitunga mwenyewe. Akacheka sana, akawaita wenzake. "Maman," akasema, "mutu akikukataza hivi, kitu iko." Nikaapa kwa Bikira Maria. Wakaja wengine wanne.

Jioni kuna shimo jipya, pana kuliko la kwanza. Na lundo jipya, wamelitupa upande wa matete ya Eulalie. Dhahabu hakuna. Wamekusanya majembe na wameondoka bila kuaga. Wa kukohoa tu alirudisha kikombe.

Jumamosi, tarehe 14

Muzee Zagabe alifika na mademoiselle Ariane, agronome. Eulalie alifika mbele yao, na jembe begani.

Nikawapeleka kwanza kwenye shimo lililofungwa. Mademoiselle alifurahi. Akasema niweke mbolea ya mbuzi mingi, maharagi yatashika, na miti izunguke ili mvua isibebe udongo. Nikasimama kwa upana, kuficha nyuma. Mimi ni munene, lakini si munene vile.

Muzee alinizunguka, akaona shimo jipya. Nikamuambia lile alilolisema Jumatatu limefungwa. Akajibu: "Maman Fanny, nilisema shimo. Sikusema shimo gani."

Machozi yakatoka, ya kweli. Mademoiselle akanishika mukono, akamuambia Muzee kwamba nusu ya shamba iliyofungwa haiwezi kunyang'anywa. Muzee akakata shauri: nusu ile ni yangu, nipande. Nusu yenye shimo ananingojea hadi mwisho wa mwezi. Nikishindwa, ni ya Eulalie.

Eulalie akaacha jembe lake pale pale, limesimama ardhini. Amesema atalikuta.

Jumapili, tarehe 15

Misa. Padri amehubiri juu ya uongo. Nilijua ni mimi. Nimetubu kabisa, kwa moyo wote. Sitadanganya tena.

Baada ya misa nimepanda maharagi na mutoto wangu Fanny, sehemu yetu iliyofungwa. Udongo mwekundu, ndiyo, lakini ni wetu.

Kisha nilisimama nikiangalia. Lundo jipya liko karibu kabisa na matete. Likirudi katika shimo, shimo linafungwa. Wachimbaji wakichimba chini yake, la tatu litafika mupakani. Na lundo la tatu? Litaangukia ng'ambo. Kwa Eulalie, na shimo la nne litalifuata huko huko.

Kesho Bijou atakuwa kwenye chemchemi. Na baba mukwe, naona, atanijia tena usiku huu. Alikuwa mutu wa haki sana. Papa Fanny amekwisha kupata shimo lake. Eulalie pia ni mutoto wake.