Shamba la Chai Nyeupe

Jumatatu, 3 Juni

Nimegundua siri ya dada yangu! Miaka yote tunachuma majani mawili na chipukizi, tunapeleka kiwandani, tunarudi na migongo mibovu. Kumbe mwenzangu anauza chai nyeupe. Nyeupe! Mwenye hoteli anaifuata mwenyewe kwa gari. Na ya kijani pia anayo. Mimi huku nyeusi tu.

Nimemuuliza miche ameipata wapi. Akacheka. Eti hana miche yoyote, mmea ni uleule aliotuachia baba, tofauti ni unachuma nini na unakifanyia nini baadaye. Uongo wa mchana kweupe! Huyu tangu utotoni alikuwa ananificha peremende.

Jumatano, 5 Juni

Nimemweza! Tumebadilishana mashamba. Langu la bondeni, karibu na maji, alilolilima baba mwenyewe. Lake la kilimani, mawe matupu, lakini lina chai nyeupe.

Alinikazia macho, akauliza kama nina homa. Akanionya mbele ya baba mdogo kwamba nitajuta. Hapo hapo nikajua anaona uchungu kuachia mali. Nikamng'ang'ania mpaka akachoka, akakubali. Nikatamka kwa sauti kubwa kwamba atakayerudi nyuma si mtoto wa baba yetu. Baba mdogo akatikisa kichwa.

Nyumbani mke wangu akauliza kama nimelikumbuka shina la langoni kule bondeni, lile baba alilolipanda siku niliyozaliwa. Nikamwambia shina moja la chai halina tofauti na jingine.

Jumamosi, 8 Juni

Nimechuma nusu ya kilima. Nimeyasokota majani, nimeyafunika yakalala, nimeyakausha. Yametoka meusi. Meusi tititi! Nikaonja. Chai ileile ya siku zote, ila chungu zaidi.

Labda mashina yamenuna kwa kubadilishiwa mwenyewe. Nikaanza kuyabembeleza. Mke wangu akanikuta hapo, anapandisha kilima na ndoo ya maji kichwani, anahema. Akanitazama, akapita na ndoo yake. Angenitukana ningepata nafuu.

Jumapili, 9 Juni

Nimechungulia kwenye ua wa dada. Afadhali nisingeenda.

Vichipukizi vichanga, vyenye vinyweleo vyeupe, amevitandaza kwenye ungo vikauke polepole: hiyo ndiyo nyeupe. Majani mengine anayageuza haraka kwenye kikaango cha moto kabla hayajabadilika rangi: hiyo ya kijani. Mengine anayasokota, anayaacha yawe ya kahawia, ndipo anayakausha: nyeusi. Yote kapu moja. Yote kutoka bondeni. Kwangu! Yaani, palipokuwa kwangu.

Akaniona, akanikaribisha ndani. Nikasema nilikuwa napita tu. Hakuna njia inayopita pale.

Nilitaka kumwomba turudishiane. Nikakumbuka maneno yangu mbele ya baba mdogo. Nimekaa nyuma ya nyumba nikalia. Shamba la baba nimelitoa kwa mdomo wangu mwenyewe, na hakuna aliyenilazimisha.

Jumanne, 11 Juni

Dada amekuja na vifuko vitatu: nyeupe, kijani, nyeusi. Amesema zote amezichuma kwenye shina la langoni, ili nisiikose kabisa chai ya baba. Akasema pia nikitaka tuvunje mapatano yeye yuko tayari, na baba mdogo atacheka siku moja tu, yatakwisha. Mke wangu akafumba macho kama anayesali.

Nikanywa ile nyeupe. Nikamkumbuka baba amenishika vidole, ananifundisha kuchuma bila kuumiza tawi. Machozi yakanitoka mbele ya wanawake. Nimejuta jamani, nimejuta mpaka kifua kinauma. Nikafungua mdomo niseme ndiyo.

Ndipo akili ikanijia. Shina moja, chai tatu! Kumbe siri haikuwa kwenye shamba la mtu yeyote. Ipo kwenye shina lile!

Nimemwambia dada abaki na bonde lote, mimi sina shida nalo. Kesho asubuhi nakwenda na jembe, aniachie lile shina moja tu nilihamishie kilimani. Baba alizoea kusema shina kuukuu ukiling'oa linakufa, lakini baba hakuwa na akili ya biashara. Dada ameondoka bila kunijibu, kwa hiyo nimeamua kumwongezea cherehani.

Cherehani ni ya mke wangu. Bado sijamwambia.