Ombi la Chujio Litakalomzuia Mke wa Mwanangu

Tunduma,
14 Agosti 2013

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Maktaba ya Umma,

YAH: CHUJIO LA MTANDAO LISIMSAHAU MKWE

Pole na majukumu. Mimi ni Fanueli Mbonile, mkazi wa hapa Tunduma, ingawa shamba langu la kahawa liko kwetu Ileje. Nimesikia tangazo kanisani kwamba mnachangisha ili kompyuta ya maktaba ifungwe chujio la kuzuia picha za uchi, matusi na kamari. Naunga mkono kwa moyo wote, na nimeahidi gunia la kahawa. Ila mmesahau hatari kubwa kuliko hizo zote, nayo ni mke wa mwanangu.

Kwetu Undali, huko Ileje, mwanamke hamtazami baba mkwe wake, na baba mkwe hamtazami yeye. Mke wangu Gwantwa alikaa boma moja na marehemu baba yangu mpaka tulipomzika. Wakikaribia kukutana njiani, Gwantwa alikuwa anaingia kwenye migomba. Mzee alipougua, uji aliuweka nje ya mlango, akagonga ukuta, akaondoka. Mpaka leo anasema alimjua mzee kwa kikohozi chake tu. Hilo lilikuwa chujio, Ndugu Mwenyekiti, na halikuhitaji umeme wala mchango.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwanangu Andongwisye anafanya kazi Kitwe, Zambia, na ameoa hukohuko. Wamepata mtoto wa kiume, wakampa jina langu. Sijamwona. Kwenda siwezi, maana nyumba yao ni chumba na sebule, sasa mimi nitakwepea wapi? Picha huziweka Fesibuku, na dada Ketrina, mtunza maktaba, hunifungulia. Kila picha, mtoto kapakatwa na mama yake. Basi inanibidi nijifunike uso kwa kofia huku Ketrina akinisimulia: sasa anacheka, sasa kaota jino, sasa kavaa soksi moja. Kutangaziwa mjukuu wako kama mpira wa redioni kunauma, nasema kweli.

2. Chini ya picha moja mkwe huyo ameniandikia, "Mwapoleni mukwai, tata." Ketrina anasema ni salamu ya heshima ya Kibemba, na "tata" ni baba. Yaani mkwe anamsalimia baba mkwe mbele ya dunia nzima, na watu wa Kitwe wanabonyeza kwamba wamependa. Chujio lizuie na salamu.

3. Chujio limwondoe mama, limwache mtoto. Najua mama akiondolewa mtoto atabaki hewani. Wataalamu wenu wamtafutie stuli.

4. Kila anayeingia maktaba aulizwe mlangoni ameoa wapi na ameoza wapi, ili azuiliwe wakwe zake mwenyewe. Mzee Nkwabi, mfugaji wa kule bondeni Momba, anasema kwao mwanamume ndiye anayemkwepa mama mkwe. Basi na mama wakwe wazuiwe. Na kwa kuwa kila mwanamke ni mkwe wa mtu au atakuja kuwa, itakuwa rahisi zaidi kuwazuia wanawake wote kwa mpigo. Ketrina naye ameolewa, kwa hiyo akae nyuma ya pazia, vitabu avisukume kwa fimbo.

5. Nasikia mchango huu ulianza baada ya vijana kumwona mzee wa heshima mbele ya kompyuta, kajifunika kofia na anaguna, wakadhani maktaba inaonyesha uchafu. Mzee huyo ni mimi. Mchungaji alishaniita akaniombea kwa muda mrefu bila kuniambia nimefanya nini. Sasa, kama mradi umeanzia kwenye kofia yangu, ni haki chujio nalo lianzie kwenye shida yangu.

Nawasilisha kwa heshima. Nisalimieni wajumbe wote na familia zenu, na Yonasi, mlinzi wa getini, ambaye hunitunzia baiskeli.

Ni mimi, mtetezi wa macho ya wazee,
Fanueli Mbonile

Nyongeza, nikiwa maktaba:

Nimeileta barua hii ili Ketrina awafikishie. Akaniambia nisubiri kidogo. Akafungua picha, akabandika ukurasa wa gazeti kwenye nusu ya kioo cha kompyuta, kisha akasema nivue kofia.

Nimemwona mjukuu wangu. Ana masikio ya marehemu baba, yamesimama vilevile. Alikuwa anacheka, ila hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa ameinua uso, anatazama huko nyuma ya gazeti. Nikataka kujua kinachomfurahisha hivyo. Gazeti nimelibandua mwenyewe.

Mke wa mwanangu ana mwanya. Nimefurahi kumwona, na sijui niliandike vipi hilo kwenye barua ya malalamiko.

Nimemwomba Ketrina ajibu kwamba salamu nimeipokea. Gunia langu la kahawa naomba mlitoe kwenye mchango wa chujio. Jumamosi naondoka nalo kwenda Kitwe, na kofia nimemwachia Yonasi.