Mazishi ya Mablanketi

Frednand aliunusa moshi kabla hajauliza kitu. Moto ulikuwa umekula kibanda cha jirani sokoni, karibu na kambi ya wakimbizi ya Benaco, Ngara. Duka la mama Adelfina lilinusurika, lakini mablanketi yake yote yaligeuka meusi kwa masizi. Ulikuwa mwaka 1995, wakimbizi ni wengi kuliko mablanketi, na Adelfina alikuwa ameuza ng'ombe wake wa mwisho kununua mzigo ule. Mtu mwingine angempa pole. Frednand, aliyefukuzwa mpakani Rusumo kwa kutoza ushuru hata baiskeli, alikwenda kuazima koti jeupe kwa muuza nyama.

"Shikamoo mama. Mimi ni mtaalamu wa moshi."

"Marahaba. Kumbe moshi nao una mtaalamu?"

"Moshi ukiingia kwenye blanketi haufi, mama. Unalala tu. Mtu akijifunika, unaamka na kumwingia kifuani. Haya ni ya kuzikwa leo hii. Niachie mimi, nitayazika."

Mpango wake ulikuwa kuyafukia kijuujuu porini, ayafukue, ayafue, akayauze Biharamulo ambako hadaiwi na mtu. Kasoro ilikuwa moja tu: alitamka mazishi mbele ya watu wa Ngara, ambao hawamwachi mtu azike peke yake.

Adelfina alimtazama mikono yake laini, kisha akaangua kilio. Majirani wakaja na majembe. Theodosia, mkuu wa kwaya, akaja na kwaya nzima. Katekista akauliza kama marehemu walibatizwa. Na kwa kuwa Frednand ndiye aliyetangaza kifo, akakabidhiwa jembe la kwanza, akachimba mpaka malengelenge yakapasuka.

"Sasa tuyabebe," alisema akihema.

Theodosia alimzuia mlangoni. "Haraka ya nini, baba? Marehemu ni wa mwanamke, wataoshwa na wanawake. Ninyi kaeni nje. Na wewe mleta habari, watu wana kiu."

Ndivyo saa ya mkononi ya mtaalamu ilivyogeuka mitungi ya rubisi, ile pombe ya ndizi. Ndani wanawake walikawia, maji yakimwagika, wakilia kwa zamu. Hatimaye mizigo ikatoka imeviringishwa mikeka, ikazikwa kwa heshima zote. Kisha watu wakakaa matanga siku tatu kando ya kaburi. Frednand hakuthubutu kuondoka. Alikula maharage na kuimba besi.

Jumapili, watu walipokwenda misa, akafukua. Ndani ya mikeka alikuta majani makavu ya migomba, yamefungwa vizuri.

Alifika sokoni mbio, udongo mpaka viwikoni. Misa ilikuwa imekwisha, na mablanketi yalikuwa yametundikwa, meupe pe. Yalifuliwa kwa sabuni na maji ya majivu, yakakaukia nyuma ya nyumba siku zote alizokuwa akiimba.

Mkimbizi mmoja, Niragira, alishika moja akiwa na mtoto mgongoni. "Hayana moshi haya? Nasikia unaua."

"Mtaalamu ndiye huyo," Adelfina alisema. "Muulize."

Frednand alitazama blanketi, akatazama mikono yake, akawatazama wanaume waliochimba naye. Akisema ni yale yale, itabidi aeleze amejuaje kwamba hayamo kaburini.

"Ni salama," alisema.

"Yote?" Adelfina aliuliza.

"Yote, mama. Nimeyakagua."

Adelfina akamvutia kigoda. Alikaa pale akithibitisha moja baada ya jingine, mpaka la mwisho liliponunuliwa, na usiku ule, katika baridi ya Ngara, alilala bila blanketi.