Sufuria ya Maganda ya Kinini

Leo nimekwisha. Nawaambia mi mwenyewe, juu kesho wamama wa maziwa watafika hapa kambini na wao watawaambia vibaya zaidi. Mukae. Na museme kwa nguvu, masikio yangu ingali inalia.

Munajua Verediana, binti ya Muzehe Gaspari, yule mwenye ng'ombe kule juu. Munajua vilevile kama muzehe hatupendi sana, sisi watu wa maharagi. "Muntu wa jembe atajua nini juu ya ng'ombe?" Njo maneno yake. Alikubali nimuoe binti yake na sharti moja tu: ng'ombe ya mali niilete mi mwenyewe, kutoka kwetu mupaka ndani ya lupango yake, mule uwanjani mwa nyumba, na yeye ataangalia kama najua kuchunga. Nikituma muntu mwingine, ndoa imekufa.

Siku yenyewe njo leo.

Sasa, tangu nishuke Ntoto kuuzisha maharagi, mbu za kule zilinipa homa. Juzi natetemeka. Jana natetemeka. Kwenda kwa enfirmiye, yule wa kutunza wagonjwa? Atanipa vidonge na kuniambia nilale. (Na harusi yangu ilale na mi?) Nikawaza: mi ni muntu wa kuchubua miti ya kinini! Kidonge inatoka wapi? Kwa maganda yenye mikono yangu inabandua kila siku. Kama kidogo inaponyesha, sufuria itaponyesha zaidi.

Mama aliniona napika. "Bonifasi, unapima namna gani?"

"Mama, dawa ya muti haina vipimo. Ni kitu ya Mungu." (Mudomo huu huu njo ulisema vile.)

Nikakunywa kikombe. Uchungu ulishuka mupaka kwenye visigino. Leo asubuhi homa imepunguka, nikasema aa, tumalize kazi. Nikamaliza sufuria.

Tukaanza safari na papa mudogo Anastazi, ndugu ya baba yangu, mwenye alikuwa na kazi ya kusemea familia. Yeye mbele. Mi nyuma na ng'ombe yetu Bihogo, ya rangi ya udongo, fimbo mukononi. Ukungu ilikuwa mingi, ile ya kwetu ya kushuka mupaka kwa magoti. Tulipopanda kidogo, nyenje zote za pori zikaingia mu masikio yangu. Nikauliza papa mudogo kama yeye pia anazisikia. Alijibu kitu, niliona ndevu tu inacheza. Macho nayo ikaanza kufifia. Akili ikaanza kutembea peke yake: mara nawaza tunarudia nyumbani, mara nawaza niko kazini na kapita, musimamizi wetu, anakuja. Nikakaa kando ya njia nipumzike.

Bihogo hakuningojea. Alifuata papa mudogo polepole, na wote wawili wakafika bila mi. Hii niliambiwa baadaye.

Niliposimama, fimbo iko, ng'ombe haiko. Mungu wangu! Mali ya nyumba nzima! Nikakimbia mupaka kwenye kamuto ka chini ya nyumba ya muzehe, na pale nikaona kitu kikubwa cha rangi ya udongo kimeinama kwenye maji. Nikalia na furaha.

"Bihogo! Mama yangu! Unanikimbia juu ya nini?"

Mujue kama Muzehe Gaspari alichoka kungojea. Alishuka kupokea ng'ombe njiani, akainama kunawa miguu. Na alivaa ile kabuti yake ndefu ya askari, yenye alinunuaka Kashebere, ya rangi ya udongo.

Nikamupigia muluzi. Nikamugusa mugongo na mukono. "Hee, hee, twende mama." Anasema aligeuka, akaniita jina langu, akaniita tena. Mi nasikia nyenje tu. Basi akatembea. Angefanya nini? Muntu anakusukuma polepole na kusifu pembe zako, utamupiga namna gani?

Ingekomea pale, ningeshukuru. Lakini nikaanza kuongea.

"Bihogo, unisamehe. Nakupeleka kwa muzehe mubaya. Chumvi hatakupa. Ng'ombe zake zinalamba mawe, kila muntu anajua. Na siku ya Mungu anakoroma mu misa, padri anangojea amalize njo anaendelea."

Kabuti ikasimama. Nikaigusa tena. Ikatembea.

"Lakini mutoto wake, Bihogo! Verediana akipita na kibuyu ya maziwa, mi nasahau kama nilikuja kulima. Wakinikatalia, turudie nyumbani sisi wawili, tukae, tulie." Na nikalia kweli. Makamasi nilipangusa kwenye mukono wa kabuti. (Yezu!)

Kule lupangoni watu walishajaa. Bihogo ya kweli ilishafungwa kwenye muti. Walikuwa wanauliza: bwana harusi iko wapi, na mwenye nyumba iko wapi? Njo tukatokea mu ukungu. Muzehe mbele. Mi nyuma, napiga muluzi.

Watu wakatufungulia njia.

Nikamusimamisha katikati. Nikamushika kidevu, nikamufungua mudomo. "Angalieni! Meno yote iko!" (Haiko yote.) Halafu nikainua mukia wa kabuti, nionyeshe kama hana kupe.

Papa mudogo akashika kichwa. Verediana, pale mulangoni, akajifunika uso na kikwembe, mabega inaruka.

Enfirmiye alialikwa, njo yeye aliniokoa. Aliniangalia macho, akanusa mudomo, akauliza kwa mikono: ulikunywa nini? Nikamuonyesha ukubwa wa sufuria. Akaninywesha maji, nikatapika nyuma ya nyumba, na kidogo kidogo watu wakaanza kurudia kwenye sura zao. Wa mwisho alikuwa Bihogo. Yeye aligeuka akawa muzehe.

"Muti moja iko na nguvu, ingine haina!" Enfirmiye alipiga kelele mu sikio yangu. "Nani anajua sufuria yako ilikuwa na nguvu ngapi? Ungekufa, mupumbavu!"

Pale nilitamani kufa kweli. Nikapiga magoti. Muntu wa maharagi, hata kutofautisha ng'ombe na baba-mukwe hawezi! Nikaangalia mulangoni. Verediana hakuwa anacheka tena, na hiyo iliniumiza kupita yote. Papa mudogo akaanza: "Muzehe, kijana huyu..."

Muzehe akainua mukono. Akasogea karibu, akasema kwa sauti yenye hata mi nilisikia:

"Kwanza nilitaka kumupiga kofi. Halafu akaanza maneno ya chumvi, nikataka kusikia mwisho." Akajipangusa ule mukono wa kabuti. "Nilisema nitaangalia kama anajua kuchunga. Wachungaji wengine nimewaangalia na macho. Huyu nimemuangalia na mugongo wangu. Kutoka mutoni mupaka hapa alikuwa na fimbo, hakunipiga hata mara moja. Bibi yangu mwenyewe hanisukumi vizuri hivi."

Watu wakapasuka na kicheko. Mama-mukwe alicheka mupaka akakaa chini.

"Mutoto ni wake," muzehe akasema. "Lakini alete na gunia ya chumvi. Nasikia kwangu inakosekana."

Basi, kesho mutanisaidia kuibeba. Kucheka, muchekee njiani mumalize. Tukifika pale, muzehe akitokea na ile kabuti, naomba kwa jina la Mungu, muntu asilie kama ng'ombe. Mi nikisikia, nitapiga muluzi.