Dosie Moja kwa Saiti Tatu

Jumatatu, 17 Februari
Nimechoka kunakili! Saiti tatu za intaneti ninazotunza: maternité wanapozalia wamama, fundi wa majeneza, kwaya ya parokia. Kila mara ninaandika upya fomu, salamu, numero ya simu. Basi! Kode yote ya pamoja nimeiweka dosie moja, saiti zote zichote humo. Ndivyo ninavyofunga kitenge cha kukimbia vita: nyumba nzima, fundo moja. Rénovat, wa secrétariat ya jirani hapa mtaani Kimanga, anayechapa barua na kutengeneza saiti kama mimi, amecheka. Eti kwake kila mteja iko na dosie yake. Mawazo ya kizee!

Jumatano, 19
Askari wanakimbia vita, wanateremka kutoka Kamanyola hadi huku kwetu. Risasi tangu asubuhi. Mwanangu Irakiza ananyonya, ninaandika kwa mkono mmoja. Marie-Rose, mkunga aliyenizalisha, amehamishia maternité mtaa wa Kalundu. Numero mpya. Ameomba niiweke upesi, wamama wasipotee. Nimeiweka pamoja na salamu ya wamama, dakika moja tu, imekwisha! Nimejipongeza mwenyewe.

Alhamisi, 20
Ngendakumana wa majeneza amekuja anahema. Saiti yake inatoa numero ya mkunga, na chini: Hongera mama, karibu tena mwakani! Anasema hakuna mfiwa aliyecheka. Nimefuta hongera, nimerudisha numero yake, nikamwambia atulie, papa, kazi imeisha. Marie-Rose amesikia. Kosa moja tena, kazi anampa Rénovat. Thubutu!

Ijumaa, 21
Kumbe numero ya majeneza nayo, dosie ikiwa moja, imeenda kwenye saiti zote! Jirani yangu Uwamahirwe ameshikwa na uchungu, amefungua saiti ya maternité, amepiga. Aliyepokea ni fundi wa majeneza. Pikipiki hakuna, wote wamejificha. Mzee wa watu akaja na mkokoteni wake wa kubebea majeneza, akamsukuma hadi Kalundu. Mtoto wa kike, mzima! Ila mama ya Uwamahirwe, kuona mkokoteni ule unaingia, akazimia. Marie-Rose amenifokea: Mama Irakiza, weye! Tenganisha leo hii! Kisha amepoa. Amekiri bila mkokoteni mtoto angezaliwa njiani. Kazi nimebaki nayo.

Jumamosi, 22
Kutenganisha? Aka! Dosie yangu imeleta mtoto duniani, ya Rénovat imeleta nini? Nimeweka numero zote mbili kwenye saiti zote. Anayezaa, anayezika, achague mwenyewe. Kwaya ya parokia wamepiga simu kuuliza tangu lini wanauza majeneza. Nitawaeleza kesho baada ya misa. Leo sina nafasi: Irakiza amelala, ninaingiza saiti ya nne.