Soseji ya Mama Ciku Kabla ya Intavyu

Leo nimejiaibisha mbele ya watu watatu na mandazi moja. Nimefika nyumbani saa hii, tai bado iko shingoni, na ninaandika haraka kabla Wambui wangu hajaanza kusimulia kwa njia yake. Kim, Njuguna, Hassan, barua ni moja, someni kwa zamu. (Hassan asisome kwa sauti. Nyinyi mnamjua Hassan.)

Wacha nianzie tumboni, kwa sababu huko ndiko mambo yote yalianzia.

Si mnakumbuka tulipokuwa kwa ofisi ya shamba la kahawa hapa Ruiru, kila mtu alikuwa na imani yake juu ya chakula cha asubuhi. Kim, chapati na maharagwe, anakula amesimama kama askari. Hassan, mahamri ya mamake, hataki kingine. Njuguna, chipsi za jana zilizopashwa moto, na hayo sitaki kuyazungumzia. Mimi nilikuwa mchunguzi. Mandazi ya stesheni ya Ruiru ni makubwa, lakini ukiuma unapata hewa. Bhajia za Mwiki ni tamu, lakini zinakukumbusha mpaka saa saba mchana kwamba ulizila. Uji wa nyumbani ni wa wagonjwa. Kisha siku moja nikala kwa Mama Ciku, Thika, kile kibanda kinachoangalia geti la kiwanda cha magunia, na uchunguzi ukaisha.

Mama Ciku anatoa mandazi kwa karai ikiwa bado inalia mafuta. Anaipasua tumbo, anatia soseji, anaongeza kachumbari kidogo, anafunga kwa karatasi, unaenda. Ni dakika moja tu. Nilikuwa natumwa Thika na faili kila Alhamisi, na mkubwa wetu alikuwa akishangaa ni kwa nini sikuwahi kuugua siku ya Alhamisi.

Hiyo karatasi muikumbuke. Mama Ciku hanunui karatasi za kufungia. Anaokota mitihani ya shule na makaratasi yaliyotupwa na maofisi, anayapanga juu ya rafu yakiwa safi na makavu. Mimi mwenyewe nishawahi kula mandazi nikisoma mtihani wa jiografia, na nikapata maswali matatu. Kwa hivyo siwezi kusema sikujua. Nilijua vizuri sana, na hapo ndipo panauma.

Sasa tuje kwa leo.

Tangu shamba litupunguze kazini ni miezi tisa. Nyinyi mmejipanga, mimi nimekuwa wa kukaa nyumbani, napanga magazeti ya zamani kwa tarehe mpaka Wambui akaniomba niache. Halafu wiki jana ikaja barua. Kile kiwanda cha magunia kinatafuta karani wa kutunza faili. Intavyu ni leo, saa mbili na nusu. Wambui alisoma hiyo barua, akaenda kukopa pasi ya makaa kwa jirani. Nilimwona akipiga pasi suruali moja mara tatu. Mtoto anaanza shule Januari na sisi tunaishi kwa cherehani yake peke yake. Hakusema hivyo. Hakuhitaji kusema.

Silaha yangu ilikuwa moja. Ile barua ya kunisifia ambayo mkubwa wetu alinichapia siku ya mwisho, kabla hajastaafu na kurudi kwao. Hakuna anayejua anwani yake siku hizi. Watu wa vyeti tulijua watakuwa wengi, lakini mtu mwenye barua kama ile alikuwa mimi. Nakala sikuwa nimetoa. (Ndiyo. Mtu wa faili. Endeleeni kusoma.)

Asubuhi Wambui akaniwekea uji. Nikamwambia tumbo limefunga kwa wasiwasi. Akaniangalia vile wake huangalia.

"Baba Njeri," akasema, "leo usipitie kwa mambo yako ya mandazi. Ukishuka Thika, nenda moja kwa moja."

Nikamwambia hata sina hamu. Wakati huo nilikuwa namaanisha.

Nikafika Thika saa moja na robo. Geti limefungwa. Askari akaniambia wageni ni saa mbili, nisisimame hapo. Nikageuka nitafute pa kusimama, na pahali pekee pa kusimama, jamani, palikuwa kwa Mama Ciku. Moshi wa mafuta ukanisalimia kabla yake.

"Haiya, mtu wa faili!" akasema. "Nilidhani ulikufa."

Nikakaa. Nikajiambia ni chai tu. Akaniletea chai na mandazi yenye soseji kwa sahani, kwa heshima ya tai. Sikuwa nimeagiza. Sikurudisha pia.

Na hapo nikafanya jambo la mtu mwangalifu. Nilitoa barua kwa bahasha ili nisome sifa zangu mara ya mwisho, nisije nikaulizwa mimi ni mtu wa aina gani nikakosa jibu. Lakini Mama Ciku hujaza chai mpaka juu kabisa, na meza yake ina mguu mmoja mfupi. Chai ikatikisika. Nikaona hatari. Nikainua barua juu, nikatafuta pahali pakavu, pasafi, mbali na chai. Nikaona rafu. Juu ya rafu kuna karatasi nyeupe zimepangwa vizuri. Nikailaza hapo kifudifudi, ili vumbi lisiguse maandishi, nikanyoosha kona zilingane na zile zingine. Nakumbuka niliridhika.

Nikala. Sitadanganya, ilikuwa tamu kuliko zamani.

Nikiwa katikati ya kula, akaja mzee mmoja wa koti la khaki, tarishi wa kiwanda. Nikaona huyu ni mtu wa ndani, afadhali nianze urafiki. Nikamsalimia vizuri, nikasogea kando apite, hata nikamwambia Mama Ciku amhudumie kwanza, mimi sina haraka. Mzee akasema anachukua moja ya mkubwa, kama kawaida. Mama Ciku akanyoosha mkono kwa rafu. Mimi wakati huo nilikuwa napangusa mafuta kidevuni, nikiangalia upande mwingine kwa adabu. Mzee akaenda na kifurushi chake.

Saa mbili ikafika. Nikanawa, nikachukua karatasi ya juu kabisa pale kwa rafu, bado imelala kifudifudi, kona zimelingana, nikaitia kwa bahasha. Nikavuka barabara nikiwa mtu mzima, mwenye tumbo lililoshiba na barua safi.

Ofisini walikuwa wawili. Meneja wa wafanyakazi, mwanamume mnene mpole, na karani mkuu, mama wa miwani ambaye kila mtu anamwita Madam na ambaye nadhani hata meneja anamwogopa. Yule mzee tarishi alikuwa amesimama mlangoni. Mbele ya meneja kulikuwa na kikombe cha chai na kifurushi cha karatasi, hakijafunguliwa. Nikakitambua kwa harufu. Nikafurahi kabisa, nikaona huyu bosi tutaelewana.

Wakaniuliza maswali. Nikajibu. Faili za wafanyakazi zinapangwa vipi, faili ikiombwa inaandikwa wapi, ikikosekana unaanza kuitafuta wapi. Niliwaambia kwamba faili ikitunzwa vizuri haikosekani. Madam akaitikia kwa kichwa. Nikajiona tayari nimeketi kwa kiti changu.

"Una barua ya mwajiri wako wa awali?" Madam akauliza.

Nilikuwa nangoja hilo swali tangu Ruiru. Nikafungua bahasha polepole, nikamkabidhi kwa mikono miwili.

Madam akasoma. Akavua miwani, akaipangusa, akasoma tena. Kisha akasoma kwa sauti, taratibu, kama anayesoma tangazo kanisani. Ilikuwa kwa Kizungu, nawatafsiria. "Imeonekana ya kwamba sabuni ya choo cha wanaume inaendelea kupotea. Kuanzia leo, mfanyakazi atakayeshikwa na sabuni atachukuliwa hatua kali."

Meneja akainua kichwa. "Hiyo ni memo yangu," akasema. "Ilikuwa ya siri mpaka tumshike mtu."

Nikatazama bahasha ndani. Nikaigeuza juu chini, nikaitikisa. Hakuna kitu. Madam akaniuliza memo ya siri ya kiwanda chao nimeitoa wapi, mtu ambaye hajaajiriwa hata siku moja. Nikasema sijui. Nikafikiria Wambui na ile pasi ya makaa, nikataka kulia, nawaambia ukweli.

Meneja, mtu wa amani, akaona afadhali ale kidogo akingoja nijibu. Akavuta kifurushi chake. Akakigeuza. Akakwama hapo hapo na mkono hewani. Kisha akaanza kusoma, na yeye kwa sauti.

"Ndugu Josphat ni mtu mwangalifu mno kwa karatasi. Katika miaka minne, hajawahi kupoteza hata moja."

Juu ya neno "mwangalifu" kulikuwa na doa la mafuta, duara, kubwa kama kifuniko cha chupa ya soda. Chini yake kidogo, kipande cha kitunguu.

"Josphat ni nani?" akauliza.

"Ni mimi, mkubwa."

"Na barua yako iko wapi?"

"Kwa mandazi yako, mkubwa."

Ningependa kuwaambia kwamba walicheka. Hawakucheka. Wangecheka ningepumua. Madam aliniomba nieleze tangu mwanzo, na nikaeleza yote: chai iliyojaa, mguu mfupi wa meza, rafu safi, kona zilizolingana. Kila nilivyoeleza ndivyo nilivyosikika mjinga zaidi. Nilipofika kwa ile sehemu ya kumwambia Mama Ciku amhudumie mzee kwanza, meneja alifunika uso kwa kiganja.

Lakini Madam alikuwa bado na memo ya sabuni mkononi. Akaniuliza kama kwa ile rafu kuna karatasi zingine za kiwanda. Nikasema sikuangalia. Akamtuma mzee tarishi akazilete zote. Mzee alichelewa sana kwa safari ya kuvuka barabara tu, na aliporudi hakumwangalia mtu usoni. (Baadaye nikajua ni yeye amekuwa akimpelekea Mama Ciku makaratasi ya ofisi, naye anapewa chai. Sikumlaumu. Ningefanya hivyo pia.)

Madam akamwaga ule mzigo mbele yangu. Akasema neno moja: "Panga."

Jamani, hapo sikuwa na aibu tena, nilikuwa na kazi. Nikavua koti. Mitihani kando. Barua za wateja huku, maombi ya likizo huku, memo kule, kila kitu kwa tarehe. Zilizopakwa mafuta nikazitenga, nikaweka karatasi kavu kati yake. Nikapata maombi ya likizo ya watu wanne ambao, kumbe, wamekuwa wakiuliza kila wiki majibu yako wapi. Nikapata hata karatasi ambayo Madam mwenyewe alikuwa ameitafuta tangu Pasaka. Aliichukua bila kusema kitu na akaitia kwa droo yake.

Nilipomaliza, mandazi ya meneja ilikuwa imepoa. Akaiangalia kwa huzuni, akakohoa, akasema vile wote husema:

"Sawa, Bwana Josphat. Tutakuandikia barua."

Madam akageuza kichwa polepole.

"Huyu?" akasema. "Huyu usimwandikie barua. Aje mwenyewe Jumatatu."

Sikuelewa mara moja. Mzee tarishi ndiye aliyenigusa bega. Nilisema asante karibu mara sita. Nikawa nafika mlangoni Madam akaniita tena. Akasema kuna sharti moja, na litaandikwa kwa faili yangu, ukurasa wa kwanza. Kwa kile kibanda nisionekane. Asubuhi nije nimekula kwangu.

Kwa hivyo mimi nimepata kazi. Dirisha langu, nilionyeshwa, linaangalia geti. Ukisimama karibu unaona karai ya Mama Ciku, na upepo ukitoka upande ule, unasikia kila kitu.

Nimefika nyumbani nikamwambia Wambui kazi imepatikana. Alikaa chini kwa mkeka akafunika macho kwa kitambaa. Baadaye akaomba aone ile barua ya mkubwa, aiweke pahali salama. Nikampa, maana meneja alikuwa amenirudishia. Akainusa.

"Soseji," akasema.

Nikamwambia kila kitu, hata sharti la Madam. Alicheka mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba. Sasa yuko jikoni, nasikia akipima unga wa uji, kilo nzima, na anaimba.

Msicheke, tafadhali. Na hii barua mkishaisoma, ichaneni. Msiilaze juu ya karatasi zingine.